Bimkubwa Yangu, Bimkubwa Wangu

1

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Watoto wa hapa Mkongeni huniita Anti Pilipili nikishawapa mgongo, wanadhani sisikii. Nasikia sana. Miaka kumi na moja nimekuwa nesi wa soba hii, nyumba ya kuwaachisha vijana dawa za kulevya, katika jumba lililokuwa la meneja wa shamba la mkonge, na katika miaka hiyo nimetapikiwa, nimeng'atwa, nimetukanwa matusi ambayo hata marehemu baba yangu, mwalimu wa Kiswahili, asingejua ngeli zake. Nikajiambia basi, hakuna tena cha kunishtua duniani. Kumbe!

Ilikuwa Jumapili ya wageni, saa tisa alasiri. Kwa kanuni yetu, ndugu hawaruhusiwi kwa wiki tano tangu mtoto amalize kukamuliwa hamu ya karatasi, hiyo dawa ya kulevya ya siku hizi, na Jumapili hiyo Siwema Kibwana alikuwa na siku ya thelathini na nane. Alikuwa na miaka kumi na sita. Aliletwa kwetu amebebwa na watu wawili, pumzi imeshamkatika mara mbili kabla ya hapo, mdomo wa bluu. Sasa anaamka mwenyewe, anafagia baraza, anawafundisha wenzake hesabu za sehemu. Nilikuwa namwonyesha kwa kila mkaguzi anayekuja. "Huyu hapa," nasema, "kazi ya mikono yetu."

Mama yake alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia hotipoti. Mwanaidi aliitwa, mwanamke mwembamba, aliyekaa Maskati miaka minne akipika na kufua kwenye nyumba za watu, akarudi na kumkuta bintiye kwenye hali ile. Alipomwona Siwema barazani hakungoja hata mlinzi amuulize jina. Alikimbia.

"Mwanangu! Mwanangu jamani, mwanangu!"

Akamkumbatia, hotipoti na yote. Siwema alisimama mikono chini, ametulia, kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi na anangoja fundi amalize.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, marahaba mama, marahaba kipenzi changu."

"Karibu ukae. Safari ilikuwa nzuri?"

"Nzuri. Nimekuletea visheti. Nimepika mwenyewe, vile vya hiliki."

"Ahsante sana. Nitawagawia wenzangu."

Na kweli aliwagawia, kimoja kimoja, hakumpunja mtu. Akala kimoja mwenyewe, akasema ni vitamu. Akaiosha hotipoti bombani, akaikausha kwa kitambaa, akamrudishia mama yake. Tupu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache nikijaza vitabu vyangu, na mkono wangu ukasimama. Huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata uweke chumvi ya kukunja kwenye karatasi utaweka, na huyu alilelewa Tanga mjini na bibi anayejua mambo. Lakini nikasema moyoni, mtoto amesahau, ametoka kuumwa.

Walikaa nusu saa. Mama anauliza, mtoto anajibu. Majibu mazuri, kamili, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Kisha Mwanaidi akainuka, akanijia.

"Nesi, huyu si mwanangu."

Hasira zikanipanda hapo hapo. "Dada, nyie mmezoea kuwaona watoto hawa wanalia na kuwaibia. Sasa ametulia, mnaona ajabu? Mshukuru Mungu!"

"Muulize," akasema.

"Nimuulize nini?"

"Muulize mwenyewe."

Nikaita. Nikauliza ili nimwaibishe huyu mama, sisemi uongo. "Siwema, hebu mwambie mama yako. Humpendi?"

Siwema alifikiri. Alifikiri kwa dhati, vilevile anavyofikiri akipewa swali la hesabu.

"Namjua," akasema. "Nakumbuka kila kitu, anti. Nakumbuka alivyoondoka, nililia mwezi mzima. Nilikuwa nalala na kanga yake, bibi akitaka kuifua nagombana naye. Yote nakumbuka. Ila nikimwangalia sasa, sisikii kitu. Ni sawasawa na kukuangalia wewe."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemshukuru. Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya baraza, na sare yangu nyeupe, wageni wote wananitazama.

2

Ile mashine ina jina refu la kidaktari. Sisi wapishi wake tunaiita kifumbu, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kifumbu cha kukamulia nazi. Mtoto anavalishwa kofia ya nyuzi. Anaambiwa ataje kitu anachokitaka kuliko vyote, alitaje neno lenyewe mara tatu, na kwenye kioo panawaka mahali ambapo ile hamu imekaa kichwani. Nesi anaandika neno, anaweka alama pale palipowaka. Kuanzia hapo, alasiri tisa mfululizo, kifumbu kinakamua. Tui linatoka, machicha yanabaki. Yaani mtoto anakumbuka kila kitu, kwamba alitumia, wapi, na nani, ila ile ladha ya kutaka haimo tena. Na tui lake halimwagwi. Linahifadhiwa kwenye chupa, ambayo si chupa, ni faili tu, kwa siku arobaini, ili kukitokea kosa lirudishwe. Siku ya arobaini saa sita mchana mashine inafuta yenyewe. Ndiyo sheria.

Kukitokea kosa. Miaka yote hiyo tulikuwa hatujawahi kufungua chupa ya mtu.

Nilijifungia chumba cha kifumbu. Nikatafuta rekodi ya siku Siwema alipowekewa alama. Niliikumbuka siku ile. Kulikuwa na watoto sita kwenye foleni, mawingu yamekaa tangu asubuhi, betri za jua zinashuka, na mimi nimeshagombana na mpishi.

Sasa nieleze jambo moja. Karatasi hii inayowamaliza watoto ni kipande kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Mitaani wameipa jina. Wanaiita bimkubwa. Ndiyo, bimkubwa, mama mzazi, kwa sababu wanasema ukiiweka ulimini unajisikia umebebwa mgongoni, umefungwa kanga, unabembelezwa. Wakiikosa wanapata arosto, mwili mzima unawavuta, wanatetemeka, wanalia: "Nataka bimkubwa yangu! Nipeni bimkubwa yangu!" Yangu, kwa kuwa ni karatasi wanayoisema. Na mimi, binti wa mwalimu, nilikuwa siwezi kuvumilia. Nilikuwa namshika mtoto asianguke huku namsahihisha: "Bimkubwa ni mtu, sema wangu." Wananicheka hata katika maumivu yao.

Nikabonyeza rekodi. Sauti yangu ikaanza, kali, ya haraka.

"Haya, Siwema. Taja kitu unachokitaka kuliko vyote."

Kisha sauti yake, nyembamba.

"Nataka bimkubwa wangu."

"Ee! Umesikia, Daktari? Huyu kasoma. Wenzake wote ni bimkubwa yangu, bimkubwa yangu. Safi sana, mwanangu. Rudia mara tatu."

"Anti, si ile, mimi nasema..."

"Tulia, kofia itateleza. Rudia."

"Bimkubwa wangu," akasema. "Bimkubwa wangu. Bimkubwa wangu."

Ya tatu alikuwa analia. Na mimi nasikika nikimwambia mwingine ajiandae.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikarudisha tena. Mungu wangu, Mungu wangu! Mtoto alimwomba mama yake, mbele yangu, kwa Kiswahili sanifu, na mimi nikampigia makofi kwa ajili ya herufi moja, kisha nikamkamua mama yake kichwani alasiri tisa.

3

Daktari Shemhilu ni kijana wa Lushoto, mpole, kwa umri mimi ni dada yake mkubwa tu, na huniita Dada Pepe, kifupi cha Perpetua. Nilimwekea rekodi bila kusema neno. Alipomaliza kuisikiliza alivua miwani akaishika muda mrefu.

"Lakini haingii akilini," nikasema. "Kama tulimkamua mama, basi hamu ya karatasi ipo palepale. Mbona hana arosto? Mbona amepona?"

Akafungua ramani ya kichwa cha Siwema, ile ya kabla. Akanionyesha kwa kidole.

"Mzizi wa karatasi ni huu mdogo. Unaona umesimama juu ya nini?"

Niliona. Ulikuwa umeota juu ya mwingine, mnene, wa zamani.

"Alianza kutumia mwaka wa pili mama yake akiwa Maskati," Daktari akasema. "Alikuwa anamtaka mama. Akapewa kitu chenye jina la mama, kinachofanya kama mama. Tulipoukamua mzizi mkubwa, huu mdogo ulikosa pa kushika. Ukanyauka wenyewe. Dada Pepe, katika watoto wote waliopita hapa, huyu ndiye aliyepona kuliko wote. Wengine ninawaona bado wanajikuna wakisikia jina lile. Huyu hajikuni."

"Turudishe tui."

"Likirudi, linarudi lote. Mama na karatasi."

"Basi turudishe, halafu tuikamue karatasi peke yake."

"Kichwa cha mtoto kinakamuliwa mara moja." Alisema polepole, ingawa tulisoma kozi pamoja na anajua ninajua. "Wale wawili waliokamuliwa mara mbili, huko kwenye majaribio, hata chakula hawataki. Wanalishwa. Huyu tukimrudishia itabidi apambane na arosto kwa njia ya zamani, kwa dua na maji ya kuoga. Na pumzi imeshamkatika mara mbili. Mimi sitakuahidi kwamba atafika Krismasi."

Nje watoto walikuwa wanaimba wakiosha vyombo.

"Kesho kutwa saa sita mchana," Daktari akasema, akiangalia sakafu, "chupa inajifuta. Hakuna mtu anayehitaji kubonyeza chochote."

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilimuuliza kama huko kwao kuna mama, au waliokotwa kwenye majani ya chai. Hakujibu hata moja, na alifanya vizuri, kwa sababu nilikuwa namtukana kwa kusema wazi jambo lililokuwa kichwani mwangu mimi tangu rekodi ilipoisha. Ningenyamaza siku mbili tu. Mtoto mzima, soba haifungwi, Perpetua Mhina anaendelea kuonyesha wageni kazi ya mikono yake. Nani angejua?

Nikatoka kwenda barazani kupunga hewa. Mwanaidi alikuwa bado pale. Bodaboda yake ilishaondoka, wageni wote wameshaondoka, amekaa kwenye benchi na ile hotipoti tupu mapajani, anafungua kifuniko, anachungulia ndani, anafunga. Anafungua tena.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia alale nyumba ya wageni, na kwamba kesho asubuhi nina neno naye.

4

Niliwaambia wote wawili, mama na mtoto, pamoja ofisini, Jumatatu, saa tatu. Daktari alitaka tumwambie mama kwanza. Nikakataa, kichwa ni cha Siwema. Niliwawekea rekodi. Sikupunguza, sikuruka ile sehemu ya kusifia Kiswahili.

Mwanaidi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akanizaba kofi. Daktari akasimama, nikamwambia kaa chini.

"Mrudishieni," Mwanaidi akasema. "Leo hii. Sasa hivi."

Daktari akamweleza, mizizi miwili, mkubwa na mdogo. Alieleza vizuri kupita kiasi. Niliona uso wa yule mama ukibadilika neno kwa neno, na nikatamani angenizaba kofi la pili badala ya kuuona ule uso.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, daktari. Unaniambia karatasi ilishika kwa sababu yangu mimi?"

"Sivyo hasa, mama..."

"Ndivyo! Ndivyo ulivyosema! Nilikwenda kumtafutia ada na sare. Nikawa nalala jikoni, kwenye marumaru, chini ya meza. Kumbe mimi ndiye ugonjwa wake? Kaniugua mimi?"

Kilichotushinda ni kwamba Siwema alimsogezea mama yake glasi ya maji. Aliona mtu analia, akafanya kinachofanywa kwa mtu anayelia.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza. "Ni kichwa chako."

"Mkinirudishia nitampenda," akasema. "Halafu nitaitafuta karatasi. Nakumbuka nilivyokuwa. Niliiba cherehani ya bibi. Nililala stendi. Nitamwambia mama nampenda na huku namwibia. Siku moja pumzi itakatika, na haitarudi." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Mkiniacha hivi, nitamaliza shule. Sitaki kurudi kule. Kwa kweli siku hizi sitaki chochote sana, lakini kule ndiko sitaki kabisa."

"Mimi je?" Mwanaidi akanong'ona. "Mimi mama yako?"

"Wewe utaumia," Siwema akasema. "Samahani."

Basi mnaona tulipofika. Nisimrudishie huyu tui lake, mama anamkosa mtoto aliye hai mbele yake. Nimrudishie, huenda tukamzika mtoto anayempenda mama yake. Na aliyetufikisha pale ni mimi na sarufi yangu. Usinambie habari za makosa ya kawaida ya kazini. Yapo, ninayajua, nimeyaandikia ripoti. Hili halikuwa la kuchoka wala la betri. Mtoto alisema "anti, si ile," na mimi nikamwambia atulie.

Kisheria, mtoto wa chini ya miaka kumi na minane husainiwa na mzazi. Daktari alimpa Mwanaidi fomu ya kurudisha tui. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Akasema atatupa jibu kesho kabla ya saa sita.

Mchana ule niliandika barua kwa baraza la wauguzi nikaeleza kila kitu, na nikaituma kabla sijapata muda wa kuisoma tena na kujionea huruma.

5

Jumanne, Mwanaidi alikuja saa tano na nusu. Macho yamevimba. Fomu aliiweka mezani, haina saini.

"Sitasaini," akasema. "Siwezi kumrudishia karatasi kwa mkono wangu."

Nilishusha pumzi, na nikajichukia kwa kuishusha.

"Lakini nina ombi, nesi. Kifumbu chenu kinamkamua mtu mzima?"

"Kinamkamua," Daktari akasema kabla hajajua anaulizwa nini.

"Basi nikamueni na mimi. Mtoeni Siwema."

Mimi nikacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyepigwa. "Dada, una wazimu?"

"Sikiliza kwanza. Kule Maskati nilikuwa nikimuwaza natia chumvi kwenye chai ya tajiri. Nimepigwa kwa ajili ya chumvi hiyo. Nilivumilia, kwa nini? Kwa sababu nilijua na yeye huku ananitaka. Sasa hanitaki. Yuko mzima, ananiita mama, ananipa maji. Nitamwangalia hivyo miaka mingapi? Nesi, mimi nami nina arosto. Mbona ya kwangu hamuitibu?"

Nikamgeukia Daktari anisaidie. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mzima akiomba, akisaini mwenyewe, sheria haikatazi. "Ana haki, Dada Pepe."

"Haki gani!" nilifoka. Lakini mimi nilikuwa nani wa kumkatalia? Nilimkamua bintiye bila kumuuliza vizuri. Yeye ananiuliza vizuri, mchana kweupe, akili zake timamu. Akasaini. Akakaa kwenye kiti. Nikamvalisha kofia ya nyuzi, na ilibidi nimfungue ushungi, na nywele zake nyingi zilikuwa nyeupe. Ana miaka thelathini na saba.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Kwenye kioo, pembeni, chupa ya Siwema ilikuwa inahesabu dakika zake za mwisho: kumi na moja, kumi.

"Taja kitu unachokitaka kuliko vyote," nikasema.

"Siwema wangu."

Pakawaka. Jamani, sijawahi kuona pakiwaka vile. Kioo kizima kilikuwa cheupe.

"Siwema yupi?" nikauliza.

"Unamjua."

"Sema vizuri. Ni mtu au ni kitu?"

"Ni mtu. Ni mwanangu."

"Kibwana au wa nani? Umri?"

Nilikuwa namchelewesha, nakiri. Nilikuwa nauliza maswali ambayo ningemuuliza bintiye siku ile tusingefika pale. Mwanaidi alijua, akafumba macho.

"Nesi, andika tu."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa. Siwema alikuwa amesimama na ile hotipoti mikononi, ameishikilia kwa chini, kwa maana ilikuwa nzito.

"Samahani," akasema. "Mama aliisahau kwenye benchi la nje jana." Akaiweka mezani, akafungua kifuniko. Machungwa, ya huko nyuma ya jumba, ameyaosha, majani yake mawili matatu bado yapo. "Juzi niliirudisha tupu. Nilipokwenda kulala nikakumbuka kwamba hairudishwi tupu."

Akamwona mama yake ndani ya kofia. Akaniangalia.

"Mnafanya nini?"

"Anataka kukamuliwa," nikasema. "Anataka tukutoe wewe kichwani mwake."

Siwema alikaa kwenye kiti cha kungojea, mikono kwenye magoti. Akafikiri. Dakika zikawa sita, zikawa tano. Daktari akanong'ona kwamba kama kuna anayetaka kubadili mawazo juu ya chupa, ni sasa. Hakuna aliyemwangalia.

"Usifanye," Siwema akasema.

Mwanaidi akafumbua macho haraka sana. "Kwa nini? Unaumia?"

"Hapana, siumii." Aliitafuta sentensi yake. "Nakumbuka nilikuwa nakupenda, lakini nakumbuka kama somo la historia. Nani alifanya nini, mwaka gani. Sasa wewe ukikamuliwa, na kwako itakuwa historia. Hapatakuwa na mtu yeyote ambaye ilimtokea kweli. Nimehesabu, naona si sawa. Tulikuwa wawili. Mmoja wetu abaki nayo." Akamgeukia mama yake. "Wewe ndiye mkubwa. Baki nayo wewe."

Nilimgeuzia mgongo, nikajifanya nasoma kioo. Sikuwa naona hata tarakimu. Nyuma yangu nilisikia vifungo vya kofia vikifunguka kimoja kimoja, na havikuwa vikifunguliwa na mkono wangu.

Saa sita kamili mashine ililia mlio mfupi. Chupa ya Siwema ikatoweka kwenye orodha, na jina lililofuata likapanda juu kuchukua nafasi yake.

Niliwasindikiza hadi ngazi za mbele. Mwanaidi alijifunga ushungi upya, akabeba hotipoti yake kwa mikono miwili. Bodaboda ilikuwa inanguruma. Akashuka ngazi mbili, akasimama, na bila kugeuka akauliza.

"Nije Jumapili? Unataka nije?"

Mimi nilimwangalia Siwema kwa jicho la kumsihi adanganye. Neno moja tu, mtoto, litakugharimu nini? Lakini alilichukua swali kama lilivyo, akalipima upande huu na upande ule, na akampa mama yake jibu la kweli.

"Sitaki," akasema. "Lakini njoo."